Shahada Inapovuka Mpaka: Nani Abebe Mzigo wa Kuthibitisha?



Kati ya mwaka 1963 na 1970 mhadhara huu usingepata msikilizaji. Miaka hiyo Kenya, Uganda na Tanganyika, iliyokuja kuwa Tanzania, zilikuwa na chuo kikuu kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na Mkuu wa Chuo alikuwa Julius Nyerere. Aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, uhandisi ulikuwa Nairobi, sheria ilikuwa Dar es Salaam. Kijana wa Bukoba aliyerudi kutoka Kampala na shahada ya tiba hakudaiwa barua ya ulinganifu, maana shahada ile ilikuwa yake kama ilivyokuwa ya Mganda aliyeketi naye darasani.

Chuo kile kilivunjwa katikati ya 1970, kila nchi ikachukua chake. Siwalaumu wazee wetu. Kila taifa lilitaka madaktari wake, wahandisi wake na wanasheria wake, tena kwa wingi ambao chuo kimoja chenye matawi matatu kisingeumudu. Ninachotaka tukikumbuke ni kwamba ukuta tunaouzungumzia jioni hii haukujengwa na wakoloni. Tumeujenga wenyewe, na baadhi ya waliobeba matofali bado wako hai. Huenda wawili watatu wameketi safu ya mbele.

Hata hivyo imani haikufa siku moja. Kwa miaka mingi baada ya kutengana, vyuo vile viliendelea kubadilishana watahini wa nje. Mhadhiri wa Nairobi alifika Dar es Salaam wakati wa mitihani, akasoma maswali na majibu, akakagua alama, akakaa na bodi ya watahini ya kitivo, akaandika ripoti yake, akala samaki, akarudi kwake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilikufa 1977 na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, lakini ushirikiano wa vyuo haukuzikwa pamoja nayo. Mwaka 1980 likaundwa Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, ambalo makao yake yako Kampala hadi leo. Kwa maoni yangu, kazi ile ya watahini, isiyo na sherehe wala kamera, ilizipa shahada zetu heshima kuliko mikataba yote nitakayoitaja hapa. Msajili wa Makerere hakuhitaji jedwali la kumwambia shahada ya Dar ina uzito gani. Alimwuliza mwenzake wa korido ya pili, aliyekuwa ametoka kuisahihisha.

Leo vyuo ni mamia, na korido ya pili hakuna mtu anayevijua vyote. Hapo ndipo karatasi zilipochukua nafasi ya watu.

Kisha ngazi za shule zikaachana. Kenya ilianza mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, ikaondoa kidato cha tano na cha sita na kuirefusha shahada kuwa ya miaka minne. Tanzania na Uganda zikabaki na miaka saba ya msingi, minne na miwili ya sekondari, na shahada nyingi za miaka mitatu. Jumlisheni: nane na minne na minne ni 16, saba na minne na miwili na mitatu ni 16. Pamoja na hayo, mwanafunzi wa Kenya mwenye cheti cha KCSE, ambacho kwao ndicho tiketi ya chuo kikuu, akivuka Busia anaweza kuwekwa kapu moja na waliomaliza kidato cha nne, aambiwe atafute kozi ya kujazia kabla hajafikiriwa. Naye mhitimu wa miaka mitatu kutoka upande huu akifika Nairobi husikia ikisemwa kwamba shahada yake ni fupi. Kila upande unamhesabia mwenzake miaka pale tu anapopungukiwa, na kunyamaza pale anapozidi.

Anayeumia zaidi, nadhani, ni Mkongo. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya yetu mwaka 2022, na imekuja na historia ya elimu ambayo ofisi zetu hazikuwahi kuisoma. Kwa miongo mingi chuo kikuu cha Kongo kilitoa kwanza graduat baada ya miaka mitatu, kisha licence baada ya miaka miwili zaidi. Mwenye licence ya Lubumbashi au Kisangani alikuwa amesoma miaka sita ya msingi, sita ya sekondari na mitano ya chuo, jumla 17, mmoja zaidi ya wetu. Kuanzia mwaka wa masomo 2021–2022 Kongo ikaanza kuhamia mfumo wa LMD, yaani licence, master na doctorat, uliotoka Ulaya, ambamo licence ni ya miaka mitatu tu. Kwa hiyo karani wa Dodoma au Kampala anaweza kupokea siku moja karatasi mbili za chuo kimoja, zenye jina lile lile la shahada, moja ya miaka mitano na nyingine ya miaka mitatu. Asipokuwa na mwongozo ataziandikia zote mbili "shahada ya kwanza". Mwenye mitano amepoteza miwili kwa kalamu ya mtu mmoja. Na yule wa graduat ya zamani, aliyesoma miaka mitatu kamili baada ya kufaulu mtihani wa taifa wa sekondari, anaweza kushushwa hadi stashahada, wakati mdogo wake wa LMD mwenye idadi ile ile ya miaka anaitwa mwenye shahada.

Sisemi graduat ni sawa na shahada yetu ya kwanza. Hilo linabishaniwa, na linastahili kubishaniwa. Nasema hukumu hiyo itolewe na mtu aliyeutazama mtaala, si na mtu aliyesoma kichwa cha karatasi. Na nikiwa hapo niongeze kero moja ndogo: karatasi za Mkongo huyo zinadaiwa zitafsiriwe kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza kwa gharama yake, ilhali yeye na karani wamezungumza dirishani kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho.

Wapo wazee wenye hali ya ajabu zaidi. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliviunganisha vyuo vikuu vya nchi nzima, kikiwemo Lovanium cha Kinshasa kilichoanzishwa 1954, vikawa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire. Mwaka 1981 kikagawanywa tena: Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani. Aliyehitimu katikati ya hapo ana shahada ya chuo ambacho hakipo, kutoka nchi ambayo jina lake halipo. Fomu za siku hizi zinataka barua pepe ya msajili wa chuo chake. Lakini wahitimu wetu wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki wako katika hali hiyo hiyo, na hatuwasikii wakisumbuliwa, kwa sababu sisi tunajua majalada yao yalihifadhiwa wapi. Tofauti haiko kwenye karatasi. Iko kwetu: hawa tunawajua, wale hatujajishughulisha kuwajua.

Nchi zetu zililiona tatizo hili, zikajenga mifumo ya ngazi za sifa za elimu. Baraza la Kampala nalo likaandaa mfumo wa kanda nzima, ukapitishwa 2015. Nia ilikuwa njema. Matokeo yake ni kwamba shahada ya kwanza ni ngazi ya 8 Tanzania, ngazi ya 7 Kenya, na ngazi ya 6 katika mfumo wa kanda, kama ilivyo Ulaya. Mtu mwenye haraka, na ofisi zetu zimejaa watu wenye haraka, akiona 8 na 7 atadhani wa Dodoma amempita wa Nairobi. Krediti ndiyo hivyo hivyo. Kwetu Tanzania krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mmoja ni krediti 120. Ulaya krediti moja ni saa 25 hadi 30, na mwaka ni 60. Kijana wetu anaonekana kwenye transkripti ana krediti 360, Mjerumani ana 180, na ukizigeuza kuwa saa za kusoma, Mjerumani ndiye aliyekaa zaidi kitini. Namba hizi hazina kosa lolote mradi kila moja isomwe pamoja na ufunguo wake. Ufunguo huo ndio haupo mezani.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naona limetuchanganya kuliko yote. Mtu akipeleka shahada ya nje ofisini, kuna maswali manne tofauti yanayoulizwa kwa wakati mmoja, na kwa kawaida yanajibiwa na watu wasiopaswa kuyajibu. La kwanza: karatasi hii ni ya kweli, au imeghushiwa? Huo ni uhakiki, na mwenye jibu ni chuo kilichoitoa. La pili: chuo hicho kina ithibati kwao? Mwenye jibu ni mamlaka ya nchi kilipo. Kwa Uganda ni Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, kwa Rwanda ni Baraza la Elimu ya Juu, kwa Kenya ni Kamisheni ya Elimu ya Vyuo Vikuu. La tatu: shahada hii iko ngazi gani kwetu? Hapo ndipo Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, iliyoundwa 2005, ina kazi yake halali. La nne: mwenye shahada anaruhusiwa kutibu wagonjwa, kusimama mahakamani, kujenga daraja? Hilo ni la bodi ya taaluma, na hakuna wizara ya elimu duniani inayopaswa kulijibu.

Maswali haya yakichanganywa, hofu ya la kwanza inalipiwa na la tatu. Mwombaji ambaye chuo chake hakikujibu barua anaandikiwa kwamba shahada yake haitambuliki, kana kwamba mtaala wake umepimwa ukaonekana pungufu. Kilichotokea ni kwamba msajili wa chuo fulani hakufungua barua pepe.

Hofu yenyewe siibezi. Aprili 2017, Rais Magufuli alikabidhiwa Dodoma ripoti iliyotaja watumishi wa umma 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi, na wakaondolewa kazini. Kenya, Tume ya Utumishi wa Umma ilipohakiki taasisi za serikali, mwaka 2024 ilitangaza zaidi ya vyeti 2,000 vya kughushi. Ila tuangalie ni vyeti vipi. Uhakiki ule wa Tanzania ulihusu vyeti vya kidato cha nne, cha sita na ualimu, vya humu humu ndani, chini ya baraza letu wenyewe la mitihani. Mghushi hakuvuka mpaka wowote. Tumechukua aibu iliyotupata sebuleni tukaitumia kumkagua mgeni mlangoni, na dawa ya kughushi inajulikana: uhakiki wa moja kwa moja, kompyuta ya mwajiri ikiuliza masijala ya chuo na kujibiwa siku hiyo hiyo. Kumzungusha mwenye cheti halali miezi minane hakumgundui mwenye cheti cha bandia. Yeye ndiye mwenye subira na pesa za kusubiri.

Wakati wa uchaguzi wa Kenya wa 2022 tulishuhudia jinsi hukumu inayotegemea bahasha inavyoyumba. Mgombea mmoja wa ugavana aliwasilisha shahada ya chuo cha Uganda. Kamisheni ya Kenya ikaitambua, kisha ikautengua utambuzi huo, na kesi zikafuata. Sina la kusema kuhusu mgombea. Ninachouliza ni iweje ofisi mbili za nchi jirani, zilizo chini ya Jumuiya moja, zisiwe na daftari moja ambalo lingemaliza swali kabla halijafika magazetini.

Mikataba, basi. Nitapita haraka, kwa kuwa iko mingi na inafanana. Mwaka 1981 nchi za Afrika zilitia saini mkataba wa kutambuana shahada, na zikausainia Arusha, mji ule ule ambao leo ni makao ya Jumuiya yetu. Ulirekebishwa Addis Ababa Desemba 2014, na huo mpya ukaanza kutumika Desemba 2019, baada ya nchi kumi kuuridhia. Ulaya walikuwa na wao wa Lisbon tangu 1997. Novemba 2019 UNESCO ikapitisha Paris mkataba wa dunia nzima, ukaanza kazi Machi 2023. Hapa kwetu, Ibara ya 11 ya Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazitaka nchi wanachama zitambuane katika sifa za kitaaluma, na tarehe 20 Mei 2017, jijini Dar es Salaam, wakuu wa nchi walitangaza Afrika Mashariki kuwa Eneo la Pamoja la Elimu ya Juu.

Katika maandishi yote haya kuna wazo moja ambalo ningependa mtoke nalo hapa. Mkataba wa Lisbon unasema shahada ya nje itambuliwe isipokuwa kama ipo tofauti kubwa ya msingi kati yake na ya ndani, na anayepaswa kuionyesha tofauti hiyo ni ofisi inayokataa. Mkataba wa dunia umelichukua wazo hilo hilo. Lisomeni tena polepole, kwa maana linageuza meza. Mwombaji ana wajibu wa kutoa nyaraka za kweli. Baada ya hapo mzigo unahamia upande wa pili. Karani hawezi tena kusema "hatujaridhika". Lazima aandike: mtaala wenu hauna mafunzo ya vitendo, wetu unayo, na bila hayo mhitimu hawezi kufanya kazi fulani. Wataalamu wa Ulaya wakaongeza pendekezo la muda: uamuzi utolewe ndani ya miezi minne. Na anayekataliwa ana haki ya kukata rufaa.

Mtu aliyezoea ofisi zetu ataona jambo hili kama ndoto. Kwetu mazoea ni kinyume: shahada ya mgeni ni mbovu mpaka yeye mwenyewe athibitishe ni nzima. Anaombwa silabasi za mwaka aliosoma, barua ya msajili, barua ya ubalozi, wakati mwingine hata nakala ya tasnifu yake, na akivileta vyote anaambiwa faili liko kwenye kamati. Hakuna mtu katika msururu huo anayelazimika kuandika sababu. Ukimya ndio jibu, na huwezi kukata rufaa dhidi ya ukimya.

Najua wenzangu wa tume watasema hawana watu wa kutosha, na wako sahihi. Ndiyo sababu napenda walivyofanya Wajerumani. Wana hazina ya taarifa iitwayo anabin, iliyo wazi kwa kila mtu kwenye intaneti, inayotaja vyuo vya dunia nzima na kuonyesha kipi kinatambuliwa, kipi hakitambuliwi, na kipi kinahitaji kutazamwa kwa undani. Mwombaji anaangalia kabla hajalipa hata senti. Ofisi ikiamua jambo mara moja, haliamui upya kwa kila anayekuja. Sisi tunaamua shahada ile ile ya chuo kile kile cha Bujumbura leo, tunaiamua tena mwezi ujao kwa mwombaji mwingine, na pengine tunafikia majibu mawili, kwa sababu jibu la kwanza lilifungwa ndani ya faili la mtu.

Upande wa bodi za taaluma kumekuwa na nafuu. Wahasibu na wasanifu majengo wa Afrika Mashariki walitia saini makubaliano ya kutambuana 2011, wahandisi 2012. Mabaraza ya madaktari yamekwenda mbali zaidi: wakaguzi kutoka nchi kadhaa hukusanyika, wanaingia chuo cha tiba wakiwa na orodha moja ya vigezo, wanakagua maabara, wodi, idadi ya walimu kwa wanafunzi, na kutoa ripoti moja. Tazameni, hao ndio watahini wa nje wa enzi ile, wamerudi na makoti meupe. Nami nasema ndiyo njia. Wanaoaminiana ni watu walioingia darasani mwa wenzao.

Wanasheria, ambao mnajua hawakosi hoja, bado wako nyuma. Sheria za nchi hazifanani, hilo ni kweli, na wakili wa Kigali aliyelelewa kwenye sheria zenye asili ya Ubelgiji hawezi kutua Mombasa akaanza kutetea kesi ya ardhi. Lakini si kila kikwazo kinahusu sheria. Wakenya wenye shahada za sheria za Uganda wamekwenda mahakamani wakitaka kuingia Chuo cha Sheria cha Kenya, na mojawapo ya mabishano lilikuwa juu ya alama walizopata sekondari: sheria ya 2012 inataja C+ ya jumla na B ya Kiingereza au Kiswahili. Yaani mtu amesoma mikataba, jinai na katiba kwa miaka minne, akafaulu, na bado anaulizwa insha aliyoiandika kidato cha nne. Naipenda sana lugha ya Kiswahili, lakini sioni kwa nini iwe kizuizi cha mtu ambaye chuo kikuu kimeshampima na kumpitisha.

Kuna kundi jingine ambalo mijadala hii hulisahau kabisa: wasio na karatasi. Vita vya Sudan vilipolipuka Aprili 2023, wanafunzi wetu waliokuwa Khartoum, wengi wakiwa wa tiba, walirudi na nguo walizovaa. Vyuo vilifungwa, vingine viliporwa. Mwanafunzi wa mwaka wa tano anayedaiwa transkripti iliyobaki ndani ya jengo lililoungua aifanyeje? Kwa upande wa pili tuliona jambo la kutia moyo: Chuo cha Sayansi za Tiba na Teknolojia cha Sudan kiliwaleta wanafunzi wake kumalizia masomo yao Rwanda, na wengine katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam. Hospitali inaweza kumpima mwanafunzi kitandani kwa mgonjwa. Na katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, wapo Wakongo na Warundi waliokimbia na elimu kichwani, cheti kikiwa kimebaki Uvira au Bujumbura.

Kwa watu kama hao Baraza la Ulaya, kwa kuanzia Ugiriki mwaka 2017, lilibuni pasipoti ya sifa za wakimbizi. Mtu anajaza fomu ndefu, kisha anahojiwa na wataalamu wawili wanaoujua mfumo wa nchi yake na fani yake, na anatoka na hati inayoeleza nini kinaaminika kuhusu elimu yake na kwa sababu gani. UNESCO wakaichukua, wakaijaribu Zambia 2019. Si shahada mpya, wala si zawadi ya huruma, ni tathmini. Kinachohitajika ni wahadhiri wawili, chumba na saa moja. Sijaona ni kipi kati ya hivyo ambacho Kigoma haina.

Nimeombwa nipendekeze, nami nitapendekeza jambo moja kubwa, kwa kuwa nikitaja kumi mtachagua lililo rahisi. Tuzitambue ngazi zetu moja kwa moja, bila maombi. Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg walikubaliana hivyo 2015. Estonia, Latvia na Lithuania wakafuata 2018. Mwaka 2021 makundi hayo mawili yakatia saini mkataba mmoja, ulioanza kutumika 2024. Chini ya makubaliano yale, shahada ya kwanza iliyotolewa na chuo chenye ithibati katika nchi mojawapo ni shahada ya kwanza katika zote. Hakuna fomu, hakuna ada, hakuna kamati. Chuo kinabaki na uhuru wa kusema kwamba mwenye shahada ya historia hawezi kuingia uzamili wa kemia, na bodi inabaki na mtihani wake. Kinachoondolewa ni lile swali la kipuuzi la kama shahada ya Makerere ni shahada.

Najua pingamizi. Ithibati si ya kiwango kimoja katika nchi zetu zote nane, na baadhi ya vyuo vina jengo la ghorofa moja na mahafali ya kila mwaka. Basi tuanze na walio tayari. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuanza, Burundi, Kongo na wengine wakaingia kadiri mabaraza yao yanavyojengeka. Na chuo kinachotiliwa shaka kiandikwe hadharani, kwa jina na kwa sababu, na mamlaka ya nchi kilipo, badala ya kila mhitimu wake kuadhibiwa kimya kimya ugenini kwa kosa la mmiliki. Hilo la pili litawauma wengi. Tume zetu nyingi huogopa kukiandika chuo cha nyumbani kuliko kumkataa mwombaji wa nje, kwa kuwa mwombaji wa nje hana mbunge.

Tena kuna saa inayotembea. Kundi la kwanza la mtaala wa umilisi wa Kenya litaingia vyuo vikuu 2029: miaka sita ya msingi, mitatu ya sekondari ya chini, mitatu ya juu, na angalau mitatu ya chuo. Ukiacha miaka miwili ya awali, jumla ni 15, ile 16 yetu imevunjika. Tanzania nako sera mpya imepunguza elimu ya msingi kuwa miaka sita, na 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja, waingie kidato cha kwanza 2028. Kongo itakuwa inatoa licence za miaka mitatu kwa wingi. Kila jedwali la ulinganifu lililoko kwenye droo za ofisi zetu leo litakuwa limepitwa, na tarehe tunazijua. Tume zinaweza kukutana mwaka huu, mitaala mipya ikiwa mezani, ziandike jedwali moja la KCSE ya zamani, cheti kipya cha Kenya, kidato cha sita chetu na mtihani wa taifa wa Kongo, kila mstari ukiwa na sababu yake, na lichapishwe mahali ambapo mzazi wa Sirari au Kasumbalesa anaweza kulisoma kabla hajauza ng'ombe kulipa ada. Anayeona ni mapema akumbuke kwamba 8-4-4 ilianza 1985, na jioni hii, mfumo wenyewe ukiwa unaaga, bado tunabishana thamani ya cheti chake.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimemaliza. Niko tayari kwa maswali, na ningeomba tuanze na wenzetu wa bodi za taaluma, ambao nimewaona wakiandika kwa bidii tangu nilipowataja wanasheria.